Daftari la Korja

Marehemu baba alikuwa karani wa boriti za mikoko. Madaftari yake ninayo hapa Ruaruke, karibu na delta ya Rufiji. Mchwa wamekula pembe, lakini mwandiko unasomeka. Kila mstari una jina la mkataji, aina ya mti, unene, na idadi ya korja, ishirini ishirini. Kulia kuna safu ya madeni: unga, tumbaku, shoka. Safu ya walioumia haimo.

Si kwamba hawakuumia. Mkoko hukatwa maji yakitoka, mtu amezama matopeni hadi magotini. Shoka likiteleza kwenye gome bichi, humwishia mkataji muundini. Chaza walioganda kwenye mizizi hupasua nyayo, samaki taa humchoma mtu kwa mwiba, na mamba hahitaji maelezo. Boriti mbichi haielei, kwa hiyo hubebwa begani hadi kwenye mtumbwi, na bamvua likijaa ndipo mtumbwi unatoka.

Biashara hii ya boriti ni kongwe kuliko serikali zote zilizotutawala. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za kuezekea nyumba za Oman, Bahrain na Kuwait. Vyumba vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba kwa sababu dari haliwezi kupita urefu wa boriti. Ukilala humo, juu yako kuna jasho la watu wa delta.

Wajerumani walipokuja, waliitazama mikoko kwa jicho la hesabu. Mwaka 1898 waliiweka chini ya amri ya serikali, na kituo chao cha misitu kikawa Salale. Boriti zikatozwa ushuru, magome yakasafirishwa kwenda kutengenezea ngozi. Kwao Ulaya walikuwa na sheria ya bima ya ajali kazini tangu 1884, mwaka mmoja tu kabla ya kuitangaza himaya yao huku. Sheria hiyo haikuvuka bahari kumfikia mkata mikoko. Mti uliandikwa, mtu hakuandikwa.

Waingereza walileta sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha Sheria ya Viwanda ya 1950. Ya pili ilitafuta mashine na paa. Mikokoni hakuna hivyo viwili. Ya kwanza ilitafuta mwajiri, na hapo tajiri wa boriti alikuwa na jibu tayari: "Mimi sikuajiri mtu, nimenunua boriti."

Ndiyo maana napenda kurudi kwenye ukurasa mmoja wa baba. Mkataji aliyekuwa akileta korja kila bamvua anakatika ghafla. Mistari yake ni mitupu, bamvua la kwanza, la pili. Kisha anaonekana tena, lakini upande wa kulia: "dawa na posho", na kiasi cha shilingi anazodaiwa. Wazee wanamkumbuka, shoka lilimkata mguu. Jeraha lake liliingia daftarini kama deni, akalilipa kwa korja alipopona.

Siku hizi sheria tunazo. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imechukua nafasi ya ile ya viwanda, na haisubiri mashine wala paa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilizaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi 2015. Chini ya ile sheria ya fidia ya zamani, malipo ya ulemavu wa kudumu hayakuweza kuzidi shilingi 108,000. Ukomo huo umeondoka. Mwajiri akipata habari ya ajali, ana siku 7 za kuitolea taarifa. Lakini sheria hii nayo inaanza kwa kumuuliza majeruhi: mwajiri wako nani? Anayelipwa kwa korja, bila mkataba, hubaki akitazama chini.

Kwa hiyo nawaomba makarani na viongozi wa vikundi vya wakataji, wa hapa Ruaruke na wa Nyamisati: ongezeni safu moja. Andikeni tarehe, jina, mahali, chombo kilichomuumiza, kiungo kilichoumia, siku alizokosa kazi, na shahidi. Haigharimu zaidi ya wino. Na mwenye kibali cha kuvuna naye aitie sahihi, asije akasema kesho kwamba alinunua boriti tu. Pasipo mstari huo, gharama ya ajali itaendelea kulipwa na aliyeumia.