Etha: sarafu iliyobuniwa kuwa mafuta

Tarehe 30 Julai 2025 mtandao wa Ethereum ulitimiza miaka 10. Sarafu yake, etha, inajulikana kwetu kwa bei tu: imepanda au imeshuka? Kazi yake haiulizwi, ilhali kazi ndiyo iliyoizaa.

Vitalik Buterin, kijana wa Kanada mzaliwa wa Urusi, aliandika andiko la kuupendekeza mtandao huo mwishoni mwa 2013 akiwa na miaka 19, akaiita etha mafuta ya mtandao. Kutuma etha kwa mwenzako hula vipimo 21,000 vya kinachoitwa gesi, ambayo hulipiwa kwa etha. Programu ndefu inayoendeshwa mtandaoni humo hula zaidi, na ikizunguka bila kukoma, gesi huisha ikasimama. Mauzo ya etha ya 2014 yaliingiza takriban dola milioni 18. Mwaka uliofuata mtandao ukawashwa.

Kisha ukaja mwaka 2016, ambao mwanahabari Laura Shin ameupa nafasi kubwa katika kitabu chake, The Cryptopians. Ulianzishwa juu ya mtandao huo mfuko uitwao The DAO, usio na mkurugenzi wala ofisi. Watu waliweka etha, wakapata kura za kuamua miradi ya kufadhiliwa. Zilikusanywa etha za takriban dola milioni 150.

Lakini programu ya mfuko ilikuwa ikimlipa kwanza anayetoa fedha, ndipo ipunguze salio lake. Juni 17 mvamizi aliitumia kasoro hiyo: kabla salio halijaguswa, alidai tena, na tena, hadi etha milioni 3.6 zikahama. Kilichookoa jahazi ni kanuni ya mfuko wenyewe, iliyozuia fedha hizo zisitolewe kwa karibu mwezi mzima.

Mwezi huo ulikuwa wa ugomvi. Wapo walioshikilia kwamba programu ndiyo sheria, na iliyoruhusu imeruhusu. Ikasambazwa hata barua iliyodaiwa kuwa ya mvamizi, akijitetea hivyohivyo. Wengine walisema wizi ni wizi. Julai 20 daftari la miamala la mtandao likabadilishwa ili wenye mali warudishiwe. Waliokataa waliendelea na daftari la zamani, ambalo hadi leo linaitwa Ethereum Classic.

Kwa maoni yangu, kurudisha fedha ilikuwa haki. Hata hivyo waliopinga hawakukosea kusema kwamba mtandao ulionadiwa kuwa hauingiliwi na mkono wa mtu umeingiliwa.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Tangu Agosti 2021 sehemu ya ada ya gesi huteketezwa. Septemba 2022 wachimbaji, waliokuwa wakithibitisha miamala kwa kompyuta zinazokula umeme mwingi, waliondolewa, matumizi ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99, na sasa anayetaka kuthibitisha miamala huweka rehani etha zisizopungua 32; akidanganya, hukatwa.

Inasikitisha kwamba sarafu yenye kazi nyingi hivi inanadiwa mitaani kama bahati nasibu. Ndugu msomaji, anayekushawishi kununua etha mwulize kwanza utalipia nayo huduma gani. Akikosa jibu, usimpe fedha yako.