Miaka elfu sita ilitoka wapi?

Kilima cha Wazo, upande wa Tegeta wilayani Kinondoni, kimechimbwa tangu kiwanda cha saruji kilipoanza uzalishaji mwaka 1966. Mawe yake ni chokaa, na chokaa hiyo ni matumbawe, yaani masalia ya viumbe wadogo wa baharini walioishi wakati sehemu ile ilipokuwa chini ya maji. Wanajiolojia huyaweka mawe hayo katika zama za Miosini, zilizoanza takriban miaka milioni 23 iliyopita na kwisha kama miaka milioni 5 iliyopita. Husagwa, huchomwa, hutiwa mifukoni na kupakiwa malori kwenda Bunju, Mbagala na kwingineko. Makanisa mengi ya pembezoni mwa Dar es Salaam yamejengwa kwa saruji ya namna hiyo. Katika baadhi yake waumini hufundishwa kwamba dunia yote ina umri wa miaka elfu sita hivi.

Mimi ni Mkristo, nami nakiri kama wanavyokiri waumini wa makanisa hayo kwamba Mungu ndiye Muumba wa mbingu na nchi. Ninachotaka kujua ni hiyo hesabu ya miaka ilitoka wapi. Ukiisoma Biblia toka Mwanzo hadi Ufunuo, hukuti mstari unaotaja umri wa dunia.

Aliyeipa hesabu hiyo umaarufu ni James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh nchini Ireland. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1650 alijumlisha umri wa mababu waliotajwa kwenye vizazi vya Biblia, akalinganisha na tarehe za wafalme wa kale, akafikia uamuzi kwamba uumbaji ulianza jioni ya kuamkia tarehe 23 Oktoba, mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi mkubwa, na kwa zana za wakati wake alifanya kazi ya heshima. Tatizo lilikuja baada yake. Kuanzia mwaka 1701 tarehe zake zilichapishwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na wasomaji wakazoea kuona hesabu ya mwanadamu ikiwa jirani na Maandiko, hadi wengi wakashindwa kutenganisha hivi viwili.

Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Ussher, Kanisa la Afrika lilikuwa limeshalijadili jambo hili kwa kina. Origen wa Aleksandria, Misri, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kulikuwa na siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, zenye jioni na asubuhi, ilhali jua halijakuwapo. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika kitabu kirefu juu ya Mwanzo, akaona kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja na kwamba siku zile sita si siku kama zetu. Ni kweli kwamba Augustino mwenyewe hakudhani dunia ni ya kale sana, na hakuwa na sababu ya kudhani hivyo. Lakini aliwaonya Wakristo wasinene ovyo kuhusu nyota na dunia mbele ya watu wanaoyajua mambo hayo, kwa maana msikilizaji akishawakuta wamekosea katika analolijua, hatawaamini wakimhubiria ufufuo. Onyo hilo la Mwafrika, la karne ya 5, lingepaswa kusomwa katika kila chuo cha wachungaji nchini.

Huku kwetu pwani, habari ya uumbaji ndiyo iliyofungua njia ya Biblia ya Kiswahili. Mmishenari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji, mtu wa Kiislamu. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alipinga, akisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Rebmann hakukana alichokiona. Ilibidi miaka ya 1860 ifike, Baron von der Decken aupande mlima kwa sehemu na kuthibitisha, ndipo ubishi ulipoisha. Napenda kisa hiki kwa sababu mmishenari ndiye aliyesimama upande wa ushahidi wa macho.

Ushahidi mwingine ulikuwa ardhini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, mkoani Lindi. Kazi kubwa ilifanywa na mamia ya Waafrika, na msimamizi wao Boheti bin Amrani akajulikana kwa ustadi wa kuitambua na kuitoa mifupa bila kuivunja. Wapagazi waliibeba vichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mnyama mrefu kuliko wote waliochimbuliwa pale, mwenye umri wa miaka milioni 150 hivi, amesimama hadi leo katika makumbusho ya Berlin.

Mwaka 1924 alifika Tendaguru kijana aitwaye Louis Leakey. Alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamishenari wa Kianglikana, naye mwenyewe alikusudia kuwa mmishenari, lakini akaishia kuwa mtafiti wa binadamu wa kale. Mkewe, Mary, ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Louis alikisia lina miaka laki sita. Mwaka 1961 wataalamu wa Berkeley, Marekani, walipima majivu ya volkano ya tabaka lililokuwa na fuvu na kupata miaka milioni 1.75.

Kipimo chenyewe si fumbo. Madini ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo ni ya aina inayooza kidogo kidogo, na baadhi yake huwa gesi ya agoni, kwa mwendo usiobadilika: nusu ya aina hiyo huoza kwa miaka bilioni 1.25. Mwamba ukiyeyuka gesi hutoka. Ukipoa, gesi mpya huanza kunaswa ndani. Ni kama saa ya mchanga inayogeuzwa upya kila volkano inapolipuka. Kwa njia ya jamaa na hiyo, inayotumia madini ya risasi, Clair Patterson alikuwa ametangaza mwaka 1956 kwamba dunia ina miaka bilioni 4.55, na hesabu hiyo haijatikiswa.

Mwaka huohuo wa 1961, ambao ndio Tanganyika ilipata uhuru, kilichapishwa Marekani kitabu cha John Whitcomb na Henry Morris kuhusu Gharika ya Nuhu. Kilidai matabaka ya miamba yaliwekwa na gharika moja, nacho kikafufua fundisho la dunia changa. Hoja zao nyingi zilitoka kwa George McCready Price, Msabato aliyeandika mwaka 1923. Kabla ya hapo walokole wengi hawakuwa na shida na dunia ya kale. Hata James Orr, mmoja wa waandishi wa vijitabu vya kutetea imani vilivyotolewa Marekani kati ya 1910 na 1915, aliikubali. Kwa hiyo fundisho ambalo wengi huliona kuwa la mababa wa imani, kwa sura yake ya sasa, linakaribiana umri na uhuru wetu.

Makanisa hayajasimama mahali pamoja. Kurasini, wilayani Temeke, yapo makao ya Baraza la Maaskofu Katoliki, na Katekisimu ya Kanisa hilo ya mwaka 1992 inasema uchunguzi wa kisayansi umetutajirisha maarifa kuhusu umri na ukubwa wa ulimwengu. Wasabato, kwenye mkutano mkuu wa San Antonio mwaka 2015, walisisitiza siku sita halisi na uumbaji wa karibuni. Nchini Kenya, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo aliongoza upinzani dhidi ya mabaki ya binadamu wa kale kupewa nafasi ya mbele katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mabaki hayo hayakufichwa.

Anayeumia ni mwanafunzi. Kwa miaka mingi somo la Historia la kidato cha kwanza limekuwa na mada ya mageuko ya binadamu, na wengi wetu tulifundishwa mada hiyo kwa sharti la kimyakimya: jibu hivi kwenye mtihani, amini vile kanisani. Sharti hilo linamfundisha mtoto kusema asichokiamini na kuamini asichoruhusiwa kukichunguza. Imani haikuzwi hivyo, na sayansi vilevile. Mwanzo inatuambia ni nani aliyeumba, na kwamba kazi yake ni njema. Majivu ya Olduvai yanatuambia ni lini. Sioni kwa nini kijana wa Mbagala alazimishwe kuchagua.

Wachungaji, makatekista na walimu wa Jumapili: fuvu la Zinjanthropus limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, mwendo wa daladala tu kutoka Tegeta au Mbagala. Wapelekeni vijana wa kipaimara, waulize wanachotaka, nanyi muwajibu bila woga.