Jukwaa Mkabala na Norfolk

Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi uko kando ya Barabara ya Harry Thuku, mkabala na Hoteli ya Norfolk. Damu ilimwagika hapo kabla ukumbi haujajengwa. Machi 1922 umati ulidai Harry Thuku, mpinga ukoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Polisi wakaufyatulia risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao wakapiga.

Kituo cha Utamaduni cha Kenya, kinachosimamia ukumbi huu, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1951. Ukumbi wake ulifunguliwa Novemba 1952 na mwigizaji Mwingereza, Ralph Richardson. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwezi uliotangulia. Waafrika wakikamatwa mitaani, Wazungu walistarehe ukumbini kwa michezo ya kwao.

Uhuru ulikuja 1963, lakini jukwaa lilichelewa kufika mikononi mwa wananchi. Mwaka 1976 tamthilia mbili ziliandaliwa kuiwakilisha Kenya katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Kiafrika huko Lagos: Betrayal in the City ya Francis Imbuga, na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Waandaaji walipoomba ukumbi walipewa siku chache tu, kwani maonyesho ya kigeni yalikuwa yameshatengewa nafasi. Hata hivyo Oktoba hiyo watu walifurika. Kimathi ilipomalizika, watazamaji waliungana na waigizaji, wakaimba na kucheza hadi nje barabarani.

Februari 1982 ilikuwa zamu ya wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na tamthilia ya Ngũgĩ, Maitũ Njugĩra. Kibali hakikutoka, na walipofika ukumbini walikuta milango imefungwa. Walihamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, maelfu wakaja kutazama, hadi nayo yakapigwa marufuku. Machi, jukwaa lao kijijini likabomolewa na serikali.

Ukumbi ulikarabatiwa na kufunguliwa tena Septemba 2015. Viti vipya na taa nzuri ni jambo la kushukuru. Lakini neno "kitaifa" lilikuwepo tangu mkoloni. Waliolitia maana ni wale walionyimwa siku na bado wakaja. Anayeutembelea ukumbi leo aisome kwanza ratiba: ni kina nani wamepewa jukwaa, kwa lugha gani, na kwa kiingilio ambacho mtu wa Limuru anaweza kulipa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama deni la 1982 limelipwa.