Uchumba wa Mbali: Kutoka kwa Mshenga hadi Simu ya Kiganjani

Kata ya Mandewa, katika Manispaa ya Singida, iko kwenye nchi ya Wanyaturu, na kwa Wanyaturu ndoa haikuwa shauri la watu wawili. Wazee wa pande zote walikaa, mifugo ya mahari ikatajwa, na katikati akapita mshenga. Ukoo wa mchumba ulijulikana, wema wake na aibu zake.

Kazi ya mbali ndiyo iliyorefusha safari ya mshenga. Reli ya Kati, iliyopita Manyoni na kufika Kigoma mwaka 1914, iliwafungulia vijana njia ya pwani. Wengi wakaenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU. Kijana yuko mkongeni, nyumbani anatafutiwa mke, na habari zinakwenda kwa barua.

Barua hiyo haikuwa siri. Asiyejua kuandika alimwendea karani au mwenzake aliyesoma, akamtajia maneno. Ilifikia sanduku la posta la misheni, shule au duka, kisha mwalimu akawasomea wazee. Kabla binti hajalipata neno, watu kadhaa walikwishalisikia. Ilikuwa kero kwa wapendanao, lakini pia ilikuwa ulinzi: aliyeahidi kuoa aliahidi mbele ya mashahidi.

Elimu ikabadili mambo. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1977 ukaanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Sasa kijana aliweza kujiandikia. Aliichana karatasi katikati ya daftari, akaanza na salamu nyingi kama mchanga wa bahari, akaeleza kwamba yeye ni mzima, hofu ni kwake mpenzi aliye mbali. Picha ya pasipoti iliingia ndani ya bahasha, na wengine walinyunyiza poda ili karatasi inukie. Aliyeona posta inachelewa alimkabidhi kondakta wa basi. Magazeti binafsi yalipoongezeka miaka ya 1990, yakaja matangazo ya kutafuta wachumba: umri, dini, elimu, sifa za anayetakiwa, na mwishoni S.L.P. Hapo ndipo watu walipoanza kuchumbiana bila mtu yeyote wa kuwadhamini.

Simu ya mkononi iliingia nchini katikati ya miaka hiyo hiyo, ikaenea zaidi baada ya 2000. Ujumbe wa herufi 160 haukuwa na nafasi ya salamu ndefu, na asiye na vocha alibipu tu. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mapenzi ya mbali yakapata mkoba: mwanamume wa Dar es Salaam aliweza kumtumia nauli mchumba wa Singida kwa dakika chache. Ndipo mitaani kukasikika habari za kula nauli, yaani kupokea fedha na kuzima simu.

Facebook, WhatsApp, Badoo na Tinder, iliyoanza Marekani mwaka 2012, vimeongeza picha na umbali. Sasa picha inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imefanya kujifanya mtu mwingine mtandaoni kuwa kosa. Lakini sheria hufika baada ya hasara. Mshenga alifika kabla.

Pengine ndiyo maana hajastaafu. Wachumba waliokutana kwenye simu bado wanamtafuta mtu mzima wa kupeleka barua ya posa ukweni, ndani ya bahasha, mkononi. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka watoe taarifa ya kusudio lao angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa, ili mwenye pingamizi ajitokeze.