Manju wa Bluzi Darasani

Elimu na shule si kitu kimoja, ingawa mara nyingi hutajwa pamoja kama pete na kidole. Shule huchagua: hiki hukiingiza, na kile hukiacha kizingitini. Mfano mmoja ulio wazi wa uchaguzi huo ni habari za muziki wa bluzi katika nchi ya Marekani. Kwa miaka mingi muziki huo ulifungiwa mlango wa shule. Kisha shule zenyewe zikatoka kwenda kuwatafuta mamanju wake ili waje kufundisha historia. Makala hii yataka kueleza jinsi mageuzi hayo yalivyotokea, na kupima kama mwanamuziki astahili kweli kusimama mahali pa mwalimu.

Tuanze na W. C. Handy, aliyezaliwa Florence, Alabama, mwaka 1873, kwa wazazi waliopata kuwa watumwa. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1941, alieleza kwamba alipokuwa kijana alidunduliza fedha akanunua gitaa. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alikiona chombo kile kuwa cha shetani, akamwamuru akirudishe dukani akibadilishe kwa kamusi. Baadaye, tangu 1900 hata 1902, Handy alifundisha muziki katika chuo cha watu weusi karibu na Huntsville, akatoka huku akinung'unika kwamba chuo kiliutukuza muziki wa Ulaya na kuudharau wa nyumbani. Yapata mwaka 1903, akingoja garimoshi katika stesheni ya Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu mmoja aliyevaa matambara akipiga gitaa kwa kutelezesha kisu juu ya nyuzi zake. Aliyoyasikia pale hayakuwa yamefundishwa katika chuo chake. Mwaka 1912 Handy alipiga chapa "Memphis Blues", na watu wengi wakaanza kulijua jina la muziki huo. Jina la mtu yule wa stesheni halikuandikwa.

Bluzi ni nini? Ubeti wake wa kawaida una mishororo mitatu: wa kwanza husema jambo, wa pili hulirudia, wa tatu hulijibu. Ubeti huo hupimwa kwa vipimo 12, na chini yake hupita mafungu matatu ya sauti kwa utaratibu unaojulikana. Kila mshororo ukomapo, gitaa au kinanda cha mdomo humjibu mwimbaji, kama waitikiaji wamjibuvyo mwimbishaji ngomani. Umbo ni dogo, lakini limebeba mzigo mkubwa. Waliolitunga walikuwa wakulima weusi wa kusini, wengi wao wakilima pamba katika mashamba ya watu wengine kwa kugawana mazao na mwenye shamba, na mara nyingi wakiambiwa mwisho wa msimu kwamba wangali na deni.

Watu hao shule haikuwafaa sana. Katika Mississippi watoto weupe na weusi walitengwa kwa sheria, na fedha zilizotolewa kwa elimu ya mtoto mweusi zilikuwa sehemu ndogo ya zile za mtoto mweupe. Mahali pengi shule ya weusi ilifungwa wakati wa kuchuma pamba. Muddy Waters, aliyekulia katika shamba la Stovall karibu na Clarksdale, hakupata kusoma ila kidogo sana. Mwaka 1941 Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk walikwenda kumrekodi huko huko shambani. Basi wasomi walikuwa wamekwisha kufika kwa mwanamuziki. Lakini mwanamuziki alikuwa hajaitwa kufika shuleni.

Mambo mawili yaliandaa njia. La kwanza ni kuhama. Mwaka 1943 Muddy Waters alikwenda Chicago, akiwa mmoja wa watu weusi wapatao milioni sita walioondoka kusini kati ya 1910 na 1970. Hivyo bluzi ikawa jirani wa shule za mji mkubwa. La pili ni haki. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu kwamba kuwatenga watoto wa shule za serikali kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Na katika harakati zilizofuata likazuka dai kwamba historia ya watu weusi nayo ifundishwe.

Mwaka 1978 Billy Branch, mpigaji wa kinanda cha mdomo mjini Chicago, alianza kufundisha bluzi katika shule. Alikuwa kijana aliyehitimu chuo kikuu. Lakini ufundi wake aliupokea kwa wazee kama Big Walter Horton na Carey Bell. Wasomi wa pwani yetu huiheshimu silsila, yaani mfuatano wa wapokezi ambao kila mmoja amesoma kwa aliyemtangulia. Mtoto wa Chicago anayepuliza kinanda mbele ya Branch amejiunga na silsila ya namna hiyo, naye anaweza kuwataja waliomtangulia jina kwa jina.

Huko Clarksdale jumba la makumbusho ya bluzi lilianzishwa mwaka 1979, na tangu mwaka 1992 likaanza kuwafundisha vijana. Miongoni mwa walimu wa eneo hilo alikuwa Johnnie Billington, fundi wa magari na mpigaji wa gitaa, aliyefariki mwaka 2013. Yeye hakufundisha nyuzi tu; alidai adabu, mavazi ya heshima na kushika saa, kwa kuwa kwake muziki ulikuwa kazi ya mtu mzima. Katika makumbusho hayo alijifunza pia Christone Ingram, aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye mwaka 2022 alipata tuzo ya Grammy kwa albamu yake ya bluzi.

Sasa tuulize: katika somo la historia, manju huleta nini ambacho kitabu hakileti? Huleta sababu za mambo kwa njia ya sikio. Kitabu chaweza kusema kwamba watu walihama kutoka shambani kwenda mjini. Manju hupiga wimbo mmoja mara mbili: kwanza kwa gitaa tupu, kama ulivyopigwa ugani, kisha kwa gitaa la umeme, kama ulivyopigwa katika vilabu vya Chicago, ambamo sauti ya mbao tupu ingezama katika makelele ya watu. Mwanafunzi husikia kuhama kwenyewe. Kisha huambiwa atunge ubeti wake wa mishororo mitatu juu ya tabu aijuayo. Ajaribupo kutunga, hutambua kwamba mchuma pamba asiyejua kusoma alikuwa mtunzi mwenye kanuni, wala hakuwa mtu wa kulia ovyo.

Lakini msomaji makini atapinga: kumbukumbu ya msanii si historia. Pingamizi hilo ni la haki. Muddy Waters mwenyewe alizoea kusema kwamba alizaliwa mwaka 1915, na hali hati kadhaa za zamani zaelekeza mwaka 1913. Tena iko hadithi mashuhuri ya Robert Johnson, aliyerekodi nyimbo 29 katika miaka ya 1936 na 1937, akafa mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Yasemwa kwamba alimwuzia shetani roho yake penye njia panda ili apewe ufundi. Wachunguzi wameonyesha kwamba habari ya njia panda ilisimuliwa kwanza juu ya mtu mwingine, Tommy Johnson, na msimulizi alikuwa ndugu yake. Robert alikuwa na mwalimu, Ike Zimmerman, ambaye alipenda kufanya mazoezi makaburini usiku kwa sababu ya utulivu wake. Palipodhaniwa pana shetani palikuwa na mwalimu na mazoezi. Manju akiisimulia hadithi hiyo darasani, mwalimu wa historia asimnyamazishe. Awaulize wanafunzi ilitoka wapi, na kwa nini watu waliipenda kuliko ukweli. Hapo shahidi na mpimaji wa ushahidi wamekutana, na historia ndiyo makutano yao.

Iko hatari nyingine iliyo kubwa kuliko makosa ya tarehe. Shule yaweza kumwita manju kwa saa moja, watoto wakapiga makofi, naye akaenda zake kama mtumbuizaji wa arusi. Yaweza pia kumtaka achague nyimbo za furaha tu, asitaje deni, gereza la Parchman, wala watu waliouawa na makundi kwa rangi yao. Shule ifanyayo hivyo imeuingiza muziki ndani na kuiacha historia nje. Yafaa mwanamuziki apewe majuma badala ya saa, alipwe kama mwalimu, na aachwe aseme yaliyo machungu kwa kadiri ya umri wa wanafunzi.

Tena wakati hausubiri. Mwaka 1944, katika shamba la Hopson karibu na Clarksdale, pamba ilipandwa na kuvunwa yote kwa mashine, na huo ukawa mwanzo wa mwisho wa kazi iliyouzaa muziki huu. B. B. King, aliyechuma pamba utotoni, alifariki mwaka 2015. Waliobaki wenye kumbukumbu ya mashamba yale ni wazee sana. Wakiisha, sauti zao zitadumu katika santuri, lakini santuri haiulizwi swali ikajibu. Mwanafunzi aliyepata kuuliza, hata mara moja, amepewa kitu ambacho aliyezaliwa baada yake hatakipata ila kwake yeye. Kwa hiyo kumwita manju shuleni si hisani anayofanyiwa manju. Ni deni la zamani ambalo shule yalilipa, nayo ndiyo inayopata faida.