Ngazi ya Kanisa la Kaburi Takatifu: Kifaa cha Kazi au Hati ya Haki?

Juu ya mlango mkuu wa Kanisa la Kaburi Takatifu mjini Yerusalemu, chini ya dirisha la kulia, imesimama ngazi fupi ya mbao. Simulizi iliyoenea husema kwamba fundi mwashi aliisahau hapo, kisha amri ya Sultani wa Uturuki ya mwaka 1757, iliyozuia madhehebu kubadili mgawanyo wa maeneo, ikaikuta na kuifunga mahali pake. Simulizi hiyo inapendeza, lakini haisimami. Mchoro wa mtawa Mfransisko Elzearius Horn wa mwaka 1728 tayari unaionyesha ngazi, miaka 29 kabla ya amri. Ni vigumu kuamini kwamba kifaa kilichosahauliwa kingeachwa muda wote huo na watu ambao wamewahi kupigana kwa sababu ya kufagia ngazi za mawe za kanisa hilohilo.

Ushahidi mzito zaidi ni mkao wa ngazi yenyewe. Haifiki uani. Miguu yake imekaa juu ya ukingo wa mawe, na ncha zake zimeegemea dirishani. Haikuwekwa, basi, ili kumpandisha mtu aliye nje, bali kumteremsha aliye ndani. Dirisha hilo ni la Waarmenia. Katika enzi ya Waosmani kuingia kanisani kulitozwa ada, na ufunguo ulikuwa, kama ulivyo hadi leo, mikononi mwa familia za Kiislamu. Watawa wakalazimika kukaa ndani kwa muda mrefu. Maelezo ya Mdominiko Jerome Murphy-O'Connor, kwamba ukingo huo ulikuwa baraza ya watawa Waarmenia ya kupatia hewa na jua, yanaafikiana na umbo la kifaa kuliko hadithi ya mwashi.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Chini ya utaratibu uliothibitishwa na firmani ya mwaka 1852, na kutambuliwa katika Mkataba wa Berlin wa 1878, matumizi ya zamani ndiyo msingi wa haki ya sasa. Kutaja kazi ya ngazi ni kutoa ushahidi juu ya mwenye ukingo. Mtaalamu wa mambo ya kale anayedhani anaandika kibandiko cha makumbusho, kumbe anaandika hukumu.

Mwaka 1997 ngazi iliondolewa na kufichwa ndani ya kanisa. Ilipopatikana, ilirudishwa kwenye ukingo uleule, chini ya dirisha lilelile.