Kutoka Nachingwea hadi Shikamoo Jazz

Historia ya muziki wa dansi nchini huandikwa kana kwamba ulizaliwa Dar es Salaam, ukapita Tanga, Tabora na Morogoro, basi. Kusini hurukwa. Mimi naanzia huko, kwa Kassim Mapili, mzaliwa wa Nachingwea mwaka 1937.

Mwaka 1947 Waingereza walileta huko mradi wao wa karanga. Reli ikajengwa kati ya Nachingwea na Mtwara, vibarua wakamiminika, mishahara ya fedha taslimu ikaingia vijijini. Mradi ulikufa mwaka 1951, na baada ya uhuru hata reli yenyewe iling'olewa. Lakini watu walikwisha kuzoea kwenda pwani kutafuta maisha, na Mapili naye alianzia muziki huko Mtwara na Lindi, kabla ya kuwa nguzo ya Polisi Jazz, bendi ya Jeshi la Polisi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bendi nyingi zilizovuma baada ya uhuru zilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake, vivyo hivyo Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi na Umoja wa Vijana. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Gitaa la solo, tumba, tarumbeta, vipaza sauti, vyote vilikuwa vya mwajiri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo, taifa zima likazicheza, na aliyezitunga hakupata malipo kila zilipopigwa. Siku ya kustaafu alikabidhi vyombo akaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo tusiseme wakongwe wale waliacha muziki kwa uzee. Vidole vilikuwepo, ila gitaa halikuwepo.

Ushahidi ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale shirika la HelpAge, linalohudumia wazee, lilipowasaidia wakongwe kupata vyombo. Ikazaliwa Shikamoo Jazz. Salum Zahoro, aliyetamba na Kiko Kids ya Tabora tangu enzi za ukoloni, alisimama tena jukwaani. Mapili naye alikuja kuwa miongoni mwa waliobeba bendi hiyo. Bi Kidude wa Unguja aliimba nao, na mwaka 1995 walikwenda Uingereza pamoja na Fundi Konde, gwiji wa Kenya aliyerekodi tangu miaka ya 1940. Katika kipindi hichohicho ikatoka albamu yao, Chela Chela, kwa lebo ya RetroTan.

Wapo wanaoiweka albamu hiyo kwenye kapu la zilipendwa. Sikubaliani nao. Ni kazi ya watu wazima wanaojua wanachokifanya: magitaa yanajibizana bila papara, domo la bata linangoja zamu yake, mwimbaji hashindani na vyombo. Utulivu wa namna hiyo haupatikani kwa kijana wa miaka 20.

Mapili, aliyewahi pia kuongoza CHAMUDATA, chama cha wanamuziki wa dansi, alifariki Dar es Salaam Februari 2016. Na yale malipo ya mtunzi? Sheria mpya ya hakimiliki, iliyoizaa COSOTA, taasisi ya kusimamia haki hizo, ilipitishwa mwaka 1999, wakati wengi wa rika lake walikwisha kutunga nyimbo zao zote.